Namna ya kuusoma upumuaji wa seli kwenye mwili wako mwenyewe

Nafundisha biolojia sekondari, na jioni nasimamia vijana wa mbio. Kazi hizo mbili zimenifanya niamini jambo moja: mada ya upumuaji ianzie kwenye msuli unaofanya kazi, mlinganyo wa kemia ufuate baadaye. Mwanafunzi anaweza kuukariri mlinganyo wa glukosi na oksijeni bila kukosea hata tarakimu, lakini ukimuuliza mambo hayo yanatokea wapi, mkono wake unakwenda kifuani. Anaonyesha mapafu. Hapo najua kwamba bado tuna kazi, na kazi hiyo haimalizwi kwa chaki. Inamalizwa kwa kuupima mwili.

Tafuta saa yenye sekunde (ya simu inatosha), kibanio cha nguo, daftari, na mwenzako wa kukuhesabia. Ukipata pia maji ya chokaa, mrija, themosi mbili, themomita na maharagwe makavu, utaona mengi zaidi. Kama una ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia, homa, au daktari amekuambia upumzike, kaa upande wa mhesabuji; mwenzako ndiye afanye mazoezi. Na yeyote anayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu aache papo hapo.

Tenganisha kwanza kifua na seli

Kuvuta na kutoa pumzi ni kazi ya kifua. Mbavu zinapanda, kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) kinashuka, hewa inaingia. Kisha kinyume chake. Upumuaji wa seli ni kazi nyingine kabisa, inayofanyika ndani ya kila seli hai ya mwili: kuvunja chakula kidogo kidogo na kuiachia nishati iliyomo ili itumike. Kifua ni mtumishi wa kazi hiyo. Kinaleta oksijeni na kuondoa kabonidayoksaidi, basi.

Kama bado unaona ni kitu kimoja, fikiria sumu ya sayanaidi. Mtu aliyepatwa na sumu hiyo anaweza kuwa na mapafu mazima na damu iliyojaa oksijeni. Hata damu inayorudi kutoka mwilini inabaki nyekundu ya kung'aa, kwa sababu seli hazikuichukua oksijeni iliyoletwa. Sumu imekifunga kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemia) cha mwisho ndani ya mitokondria, vyumba vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni. Hewa ipo, lakini seli zinakufa kwa kukosa uwezo wa kuitumia.

Mfano mwingine ninaoupenda ni chembe nyekundu za damu. Zinabeba oksijeni usiku na mchana, lakini hazina mitokondria, kwa hiyo zenyewe haziitumii hata kidogo. Zinaishi kwa kuvunja glukosi bila oksijeni, huku mzigo wote zikiupeleka kwa wengine.

Pima ukiwa umetulia

Keti dakika tano bila kuongea. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka uyahisi mapigo. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa sababu kina mapigo yake yenye nguvu na utajihesabu mara mbili. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, andika.

Pumzi usizihesabu mwenyewe. Mtu akijua anahesabu pumzi zake, anazibadilisha bila kutaka. Mwachie mwenzako akutazame bega au tumbo wakati wewe unadhani bado anahesabu mapigo. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na pumzi kati ya 12 na 20. Kila pumzi ya kawaida hubeba takriban nusu lita ya hewa.

Vijana wengi huona hatua hii haina maana: "Mwalimu, sijafanya lolote, unapima nini?" Umefanya mengi. Ukiwa umekaa kimya, moyo unapiga, ubongo unatuma taarifa, figo zinachuja, na kila seli inasukuma chumvi nje na ndani ya utando wake na kujenga protini mpya. Kazi zote hizo zinalipiwa na molekuli moja iitwayo ATP, adenosini trifosfeti, ambayo Karl Lohmann aliigundua mwaka 1929. Ina fosfeti (vikundi vya fosforasi na oksijeni) tatu zilizoshikana. Seli inapomega moja, nishati inaachiwa na kazi inafanyika; kinachobaki ni ADP, yenye fosfeti mbili, ambayo lazima irudishiwe ya tatu. Kuirudishia ndiko kazi ya upumuaji.

Ajabu ni kwamba mwili hauweki akiba kubwa ya ATP. Yote iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haizidi robo kilo, lakini kwa siku moja mtu mzima hutumia kiasi kinachokaribia uzito wake mwenyewe. Hilo linawezekana kwa sababu molekuli ileile inavunjwa na kuungwa tena mamia ya mara. Ndiyo maana kukosa oksijeni kwa dakika chache tu kunaua. Tunaweza kukaa siku kadhaa bila chakula. Bila ATP mpya, ubongo hauwezi.

Na si sisi tu. Loweka maharagwe usiku kucha, yagawe mafungu mawili, moja lichemshe kisha lipoze. Suuza yote mawili kwa dawa hafifu ya kuua vijidudu, ili bakteria wasikuharibie jibu. Weka kila fungu kwenye themosi yake pamoja na themomita, ziba mdomo kwa pamba (pamba inapitisha hewa, kifuniko cha kubana kitayanyima maharagwe oksijeni), na soma joto asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Themosi ya maharagwe yanayoota itapanda joto. Ile ya yaliyochemshwa itabaki palepale. Mbegu haikimbii, haina mapafu, lakini inapumua katika kila seli yake na kutoa joto.

Joto hilo lina historia. Katika miaka ya 1780 Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, kule Ufaransa, walimweka mnyama mdogo ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka na hewa aliyoitoa, wakalinganisha na mkaa unaoungua. Waliona kwamba uhai na uunguaji ni ndugu: vyote vinatumia oksijeni, vyote vinatoa kabonidayoksaidi na joto. Lakini Lavoisier alidhani uunguaji huo unatokea mapafuni. Kwa hiyo nikimwona mwanafunzi akionyesha kifua simcheki; kosa lake liliwahi kufanywa na mmoja wa wanakemia wakubwa kabisa.

Kibanio cha nguo

Hili ni zoezi la dakika mbili na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Shika kibanio kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono usioutumia kuandikia. Mkono uweke juu ya meza. Mwenzako akisema "anza", kibane na kukiachia kwa kasi yote uliyonayo, kikifunguka na kufunga kabisa kila mara. Yeye anahesabu, na kila zikifika sekunde 30 anaandika idadi bila kukusimamisha. Endelea mpaka vipande vinne vya sekunde 30 viishe.

Angalia yanayotokea. Sekunde kumi za mwanzo vidole vinaruka bila shida. Baadaye kidogo kuna joto kwenye kigasha. Ikifika dakika moja, pale chini ya kidole gumba panaanza kuunguza, na kibanio kinafunguka nusu tu hata ukijilazimisha. Dakika ya pili ni mapambano. Kijana mmoja mwenye nguvu sana kwenye timu yangu alibana zaidi ya mara 50 katika nusu dakika ya kwanza, na katika ya nne hakufika 30. Alikitazama kibanio kana kwamba kimebadilishwa.

Kilichobadilika ni chanzo cha ATP. ATP iliyokuwa tayari ndani ya msuli inatosha kazi kali ya sekunde chache tu. Ikianza kupungua, msuli una hazina ya pili, fosfokriatini, inayoikabidhi ADP fosfeti yake papo hapo, bila oksijeni na bila kuchelewa. Hiyo nayo, ukitumia nguvu zote, haikufikishi mbali zaidi ya sekunde kumi hivi. Wakati huohuo msuli unaanza kuvunja glukosi kwa kasi kubwa bila kusubiri oksijeni. Njia hiyo ni ya haraka, lakini mavuno yake ni madogo, na inaambatana na mrundikano wa ayoni za haidrojeni (chembe za haidrojeni zenye chaji) zinazoufanya msuli kuwa na asidi zaidi. Fosfeti zilizomegwa nazo zinajaa, chumvi za pande mbili za utando wa seli zinavurugika, na nyuzi za msuli zinashindwa kukaza sawasawa. Huo ndio uchovu unaouhisi.

Pumzika dakika kumi, kisha rudia ukiwa umeuinua mkono juu ya kichwa. Utachoka mapema zaidi, kwa sababu damu inapanda kwa shida na kuleta oksijeni kidogo zaidi. Kibanio ni kilekile, vidole ni vilevile. Tofauti ni mtiririko wa damu. Mwanafunzi akishaona hilo kwa mkono wake, sihitaji tena kumshawishi kwamba oksijeni inatumika msulini.

Njia ya glukosi ndani ya seli

Sasa ndipo kemia ina mahali pa kukaa. Mlinganyo wa jumla unaujua: glukosi moja na molekuli 6 za oksijeni hutoa molekuli 6 za kabonidayoksaidi na 6 za maji, na nishati, karibu kilojuli 2,800 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya molekuli) ya glukosi. Usidhani mambo hayo yanatokea kwa mkupuo. Nishati yote hiyo ikiachiwa mara moja, seli itaungua. Inaachiwa kwa hatua ndogo nyingi, kila moja na kimeng'enya chake.

Hatua za kwanza zinafanyika kwenye saitoplazimu, ute wa seli ulio nje ya mitokondria, na hazihitaji oksijeni. Glukosi yenye kaboni 6 inakatwa kuwa molekuli mbili za piruveti, zenye kaboni 3 kila moja. Faida halisi ni ATP 2. Hapo njia inagawanyika. Kama kazi inakwenda kasi kuliko mitokondria zinavyoweza kupokea, piruveti inageuzwa kuwa laktati, ile ambayo wengi huiita asidi ya laktiki, na kugeuzwa huko kunaiwezesha seli kuendelea kuvunja glukosi nyingine. Hamira nayo ikikosa oksijeni huvunja glukosi, lakini inaishia kwenye alkoholi na kabonidayoksaidi. Msuli wa binadamu hautoi alkoholi kamwe, na laktati inapoundwa hakuna kabonidayoksaidi inayotoka kwenye hatua hiyo. Kwenye mitihani huwa nayakuta haya mawili yamechanganywa, na ni maksi zinazopotea bure.

Piruveti ikipata nafasi ya kuingia kwenye mitokondria, mambo yanakuwa makubwa. Kaboni zake zinaondolewa moja moja na kuwa kabonidayoksaidi, sehemu kubwa kwenye mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Hewa unayoitoa puani sasa hivi ina kaboni za chakula chako zilizopita kwenye mzunguko huo. Zikiondolewa, elektroni za haidrojeni zinabebwa hadi kwenye utando wa ndani wa mitokondria na kupokezanwa na protini kadhaa, na kila zikipokezanwa nishati kidogo inatumika kusukuma ayoni za haidrojeni upande mmoja wa utando.

Wanafunzi wangu hukwama hapo, kwa hiyo nawaambia wafikirie bwawa la umeme. Maji yamezuiwa upande mmoja, yamepanda, na njia pekee ya kushuka ni kupitia mtambo unaozunguka. Ayoni za haidrojeni zimezuiwa na utando, na njia yake ya kurudi ni kupitia kimeng'enya kinachozunguka kwelikweli, na kila kikizunguka kinaiunga ADP na fosfeti kuwa ATP. Peter Mitchell alilipendekeza wazo hilo mwaka 1961 na wengi hawakulikubali; Nobel yake ilikuja mwaka 1978. Mwaka 1997 Paul Boyer na John Walker nao walituzwa kwa kueleza jinsi kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi.

Oksijeni iko wapi katika yote hayo? Mwisho kabisa. Inazipokea elektroni zilizochoka, inaungana na haidrojeni, inakuwa maji. Ikikosekana, elektroni hazina pa kwenda, msururu wote unasimama nyuma yake, na ATP ya mitokondria inakoma. Ikiwepo, glukosi moja inatoa ATP zipatazo 30 hadi 32. Vitabu vya zamani vinaandika 36 au 38. Hesabu hizo zilifanywa kabla haijajulikana vizuri kwamba sehemu ya nishati ya bwawa hutumika kusafirishia vitu kupita kwenye utando. Kama kitabu chako cha shule bado kinasema 38, andika 38 kwenye mtihani, lakini ujue ukweli.

Na tafadhali usiandike kwamba upumuaji "unatengeneza nishati". Nishati ilikuwemo kwenye chakula. Upumuaji unaiachia, na sehemu kubwa inapotea kama joto: katika mazoezi, ni kama robo tu ya nishati ya chakula inayogeuka kazi ya misuli. Robo tatu zilizobaki ndizo zinazokutoa jasho.

Dakika tatu za kupanda na kushuka

Tafuta ngazi moja imara. Pima mapigo ukiwa umesimama, kabla ya kuanza. Mara nyingi yatakuwa yameshapanda kuliko ulipoketi, na si kwa kusimama tu: ubongo unajua kinachokuja, na adrenalini imeshaanza kazi. Panda na kushuka kwa mwendo mmoja usiobadilika kwa dakika tatu. Mwenzako apige makofi kukuwekea mwendo, maana bila hivyo utaanza mbio na kumaliza unajikokota, na vipimo havitalinganishika.

Ukisimama, pima mapigo kwa sekunde 15 tu na uzidishe kwa 4, kwa sababu yanashuka upesi. Ukihesabu dakika nzima umepima wastani wa kushuka. Mwenzako ahesabu pumzi wakati huohuo. Kisha rudia kila dakika mpaka mapigo yarudi ulikoanzia. Chora grafu.

Soma grafu hiyo ukianzia kwenye seli ya paja. Inadai ATP nyingi, inakula oksijeni, inatoa kabonidayoksaidi na joto. Kabonidayoksaidi ikiyeyuka kwenye damu inaleta asidi. Shina la ubongo linanusa badiliko hilo. John Scott Haldane na John Priestley walionyesha mwaka 1905 kwamba kabonidayoksaidi ndiyo inayoongoza pumzi tukiwa katika hali ya kawaida. Vihisi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo vinaongeza taarifa zao. Kuna pia amri ya moja kwa moja: ubongo ukiiambia misuli ikaze, unaiambia na mifumo ya moyo na pumzi iongeze kasi. Ndiyo maana pumzi zinapanda tangu hatua za kwanza, kabla damu haijabadilika.

Moyo unaosukuma lita 5 za damu kwa dakika ukiwa umekaa unaweza kufikisha 20 au zaidi kwenye kazi kali. Mapafu yaliyokuwa yanapitisha lita 6 hadi 8 za hewa yanaweza kupita 100. Na damu inagawanywa upya. Misuli inayopata takriban moja ya tano ya damu wakati wa utulivu inaweza kupata zaidi ya nne ya tano. Tumbo na figo vinapunguziwa kwa muda. Ndani ya msuli wenyewe, mishipa midogo kabisa inafunguka na kupitisha damu zaidi, jambo lililompa August Krogh Nobel ya mwaka 1920. Na pale palipo na joto na asidi zaidi, hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, inaiachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Msuli unaofanya kazi unajipatia haki yake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ukiwa na maji ya chokaa, puliza ndani yake kwa mrija kabla ya zoezi na baada yake, ukipima sekunde mpaka yawe meupe kama maziwa. Puliza tu, usivute. Baada ya zoezi yatageuka mapema zaidi kwa sababu unatoa kabonidayoksaidi nyingi zaidi kwa dakika. Ukiendelea kupuliza muda mrefu, weupe utaanza kutoweka tena. Usishtuke, ni chokaa iliyojitenga inayoyeyuka upya. Na hewa unayoitoa bado ina oksijeni nyingi, kama asilimia 16 dhidi ya 21 uliyoivuta. Wanaoandika kwamba tunatoa kabonidayoksaidi tupu wamesahau hilo, na wamesahau kwamba mtu anaweza kumwokoa mwenzake kwa kumpulizia pumzi.

Kwa nini bado unahema umesimama

Swali hili naulizwa kila msimu pembeni mwa uwanja, na hulijibu kwa furaha kila mara. Miguu imetulia, lakini kazi ya seli haijaisha. Mwanzoni mwa zoezi oksijeni ilichelewa na msuli ukatumia akiba. Sasa akiba hiyo inarudishwa: fosfokriatini inaungwa upya, mayoglobini, protini ya msuli inayohifadhi oksijeni, inajazwa tena, laktati inashughulikiwa, na moyo na misuli ya kifua bado inafanya kazi kwenye mwili wenye joto la juu. Yote yanahitaji ATP, na ATP inahitaji oksijeni. Hilo ndilo deni la oksijeni.

Laktati imesingiziwa mengi. Si uchafu. Moyo unaichoma kama mafuta mazuri kabisa, nyuzi za misuli zenye mitokondria nyingi zinaichoma pia, na nyingine inasafiri hadi kwenye ini na kugeuzwa kuwa glukosi, safari iliyoelezwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliotuzwa Nobel mwaka 1947. Kwa kawaida ndani ya saa moja hivi imesharudi kwenye kiwango chake. Kwa hiyo maumivu ya mapaja unayoamka nayo kesho yake au keshokutwa hayatokani na laktati iliyobaki. Yanatokana na majeraha madogo sana ya nyuzi na uponaji wake, hasa baada ya zoezi usilolizoea au la kushuka mlima. Naomba walimu wenzangu wa michezo tuache kuwaambia watoto wafanyiwe masaji "ili asidi itoke". Asidi hiyo imeshaondoka tangu jana. Kutembea taratibu dakika kumi baada ya mbio kunasaidia zaidi kuiondoa laktati kuliko kulala chini.

Kosa jingine la kusahihisha hapahapa: mazoezi makali hayazimi upumuaji wa oksijeni na kuwasha ule usio wa oksijeni. Njia zote zinafanya kazi pamoja. Kinachobadilika ni mchango wa kila moja. Mbio za mita 100 zinategemea zaidi fosfokriatini na uvunjaji wa haraka wa glukosi. Mbio za saa moja zinategemea mitokondria kwa sehemu kubwa sana, zikichoma wanga na mafuta. Mafuta yana kilojuli 37 kwa gramu, wanga 17, lakini mafuta yanachomwa taratibu na hayawezi kuchomwa kabisa bila oksijeni. Akiba ya glaikojeni, yaani glukosi iliyohifadhiwa mwilini, ni kama gramu 400 kwenye misuli na 100 kwenye ini, na mkimbiaji anayekwenda kasi bila kula anaweza kuimaliza ndani ya saa mbili hivi. Miguu inakuwa mizito ghafla, huku mwili bado una mafuta ya kutosha siku nyingi.

Rudia baada ya wiki kadhaa

Fanya zoezi la kukuongezea pumzi mara tatu au nne kwa wiki, kisha rudi kwenye ngazi ileile, mwendo uleule, saa ileile ya siku. Usipime ukiwa umekesha, una homa, au umetoka kunywa kahawa. Linganisha mambo mawili: mapigo ukiwa umetulia, na mapigo dakika moja baada ya kusimama. Namba ya pili huwa inasema kweli zaidi. Mapigo ya juu kabisa usiyategemee, kwa sababu mazoezi hayayabadilishi sana. Yanashuka na umri.

Ukiona mapigo yameshuka kwa kazi ileile, moyo wako unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Na ndani ya misuli kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1967 John Holloszy alionyesha, kwa panya waliozoezwa kukimbia, kwamba vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli yao viliongezeka karibu maradufu. Seli iliyodaiwa ATP siku baada ya siku ilijenga mitokondria zaidi. Kwako pia ndivyo inavyokuwa, pamoja na mishipa midogo mipya kuzunguka nyuzi, kiasi kwamba kwa mwendo uleule unachoma mafuta zaidi, unabakiza glaikojeni, na laktati inachelewa kupanda.

Andika tarehe pembeni ya kila kipimo. Ukija kuacha mazoezi kwa sababu ya mitihani au safari, pima tena baada ya mwezi: kwa mwendo uleule mapigo yatakuwa yamepanda, kwa sababu moyo umerudi kusukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Na mitokondria zisizo na kazi seli huzivunja na kuzitumia kwa mambo mengine.